Swali, Kauli na Jawabu: Lugha ya Kuihoji Serikali Iliyogatuliwa Madaraka katika Kenya na Zanzibar

Katika mabaraza ya kutunga sheria ya Afrika ya Mashariki ni vigumu kupata tungo fupi ibebayo mzigo mzito kama swali la mjumbe kwa serikali. Hotuba ya bajeti huchukua saa nyingi, na mswada husomwa mara kadhaa na kupita mikononi mwa wanasheria. Lakini swali, lenye sentensi mbili au tatu tu, ndilo limkutanishalo mtu wa kisima kilichokauka na mtu mwenye ufunguo wa hazina. Wataalamu wa sheria na wa siasa hulichungua swali hili kwa upande wa madaraka, yaani nani aweza kumwita nani, na kwa kifungu kipi. Upande wa lugha haupewi uzito kama huo, ingawa mara nyingi jawabu hupatikana au hukosekana kwa sababu ya kiambishi kimoja. Makala haya yaeleza jinsi Kiswahili kinavyotumika kuzihoji serikali mbili za namna tofauti kuhusu maisha na uchumi wa watu: serikali za kaunti za Kenya, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. *Swali* na *suala* ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili yatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuuliza. Kiswahili kimeyatenga. *Swali* limebaki kuwa ni maneno ya mtu anayetaka kujibiwa, na *suala* limekuwa jambo au shauri lenye kuzungumzwa. Kutoka katika shina hilo hilo Waarabu wamepata neno *mas'ul*, ambalo maana yake ni mwenye dhamana, na kwa asili ni "mwenye kuulizwa." Kiswahili hakilitumii sana neno hilo nje ya istilahi ya *afisa masuuli*. Badala yake kimekwenda katika shina jingine, lile la *wajibu*, kikaunda *kuwajibika* na *uwajibikaji*. Sasa, *wajibu* na *jibu* hayana uhusiano wa asili. La kwanza latoka katika shina la lazima, la pili katika shina la *jawabu*. Lakini sikio la Mswahili haliendi kutazama kamusi za Kiarabu, na wasemaji wengi huyasikia kama ni neno moja: awajibikaye ni yule ajibuye. Kosa hili la etimolojia lina faida yake, kwani limerudisha kwa mlango wa nyuma maana ile ile ambayo *mas'ul* lilikuwa nayo tangu mwanzo. Huko Tanzania kitenzi hiki kimekwenda mbele zaidi. Waziri akiambiwa "awajibike," watu huelewa kwamba anatakiwa ajiuzulu.

Ama neno *ugatuzi*, hilo lina historia fupi na yenye vishindo. Lilipotafutwa jina la mpango wa kugawa madaraka katika Kenya ya mwaka 1963, neno lililoshika lilikuwa *majimbo*. Katiba ya mwaka huo iliunda majimbo 7 yenye mabaraza yake, pamoja na Seneti. Mabaraza hayo yalipunguziwa madaraka hadi yakatoweka kabla ya muongo huo kwisha, na Seneti ikaunganishwa na Bunge. Baada ya hapo *majimbo* likawa neno la kutisha masikioni mwa Wakenya wengi, lenye harufu ya kufukuzana mashambani, hata wale walioutaka mpango wenyewe hawakupenda kulitamka. Kwa hiyo Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilipoleta serikali 47 za kaunti, neno jipya lilikuwa na kazi ya kusafisha mezani. *Ugatuzi* watoka katika *gatua* kwa njia ile ile ambayo *uchaguzi* watoka katika *chagua* na *ufunguzi* katika *fungua*. Tanzania wanasema *ugatuaji*, kwa kiambishi kinachoonyesha kazi yenye kuendelea. Wakenya walichagua umbo linaloonyesha jambo lililokwisha kuwa. Haifai kulikuza jambo hili kupita kiasi, lakini tofauti yenyewe yalingana na hali halisi, kwa maana katika Kenya ugatuzi ni muundo wa katiba, na katika Tanzania Bara ugatuaji ni sera ya serikali moja. Neno *jimbo*, kwa upande wake, lingali hai Tanzania likiwa na maana ya eneo la uchaguzi, pale Wakenya wasemapo *eneo bunge*.

Zanzibar haiingii kwa urahisi katika neno lolote la hayo, na wako Wazanzibari watakaokataa kabisa nchi yao kuitwa serikali iliyogatuliwa madaraka, kwa hoja kwamba ilikuwa na dola yake kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, na aliyekuwa nacho hakugatuliwa kitu. Hoja hiyo ni ya haki katika historia. Hata hivyo, kwa mchunguzi wa lugha ya maswali, kilicho muhimu ni kwamba huko nako liko baraza lenye mamlaka juu ya baadhi ya mambo na lisilo na mamlaka juu ya mengine. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964, na sasa ni 22. Yaliyobaki ni ya Serikali ya Mapinduzi, nayo huulizwa katika Baraza la Wawakilishi lililoanzishwa mwaka 1980.

Tofauti kubwa kati ya pande hizi mbili ni mahali anapokaa mwenye kuulizwa. Katika Zanzibar mawaziri ni wajumbe wa Baraza. Mwakilishi husimama, huuliza, na waziri huinuka papo hapo akamjibu, kisha mwuliza swali hupewa nafasi ya swali la nyongeza. Katika kaunti ya Kenya haiko hivyo. Gavana na wanakamati wake wa utendaji, ambao magazeti yamezoea kuwaita mawaziri wa kaunti, si wajumbe wa bunge la kaunti. Kifungu cha 183 cha Katiba chaitaka kamati ya utendaji ilipelekee bunge hilo taarifa kamili na za mara kwa mara. Kifungu cha 185 chalipa bunge hilo kazi ya kusimamia utendaji huku likiheshimu mgawanyo wa madaraka. Na Kifungu cha 195 chalipa uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, uwezo unaolingana na ule wa Mahakama Kuu. Mamlaka hayo si haba. Lakini ukumbini, mbele ya mwakilishi wadi, hakuna uso wa kuulizwa. Kwa desturi swali lake humwendea mwenyekiti wa kamati inayohusika, naye huipelekea ofisi ya utendaji, na jawabu hurudi kwa njia ile ile siku nyingi baadaye.

Athari ya jambo hili katika sarufi yaonekana mara moja. Swali la Zanzibar ni swali kwa umbo lake: huanza kwa *je*, au huwa na *lini*, *kwa nini*, *kiasi gani*. Swali la Kenya limegeuka kuwa ombi. Katika Seneti ya Kenya, ambayo kwa jambo hili ina mwendo unaofanana na wa mabunge ya kaunti, seneta anayetumia Kiswahili husema kwamba amesimama kuomba *kauli* kutoka kwa kamati fulani, kisha hutaja mambo ambayo kamati *ieleze* au *ifafanue*. Hali ya kuuliza imetoa nafasi kwa hali tegemezi yenye kuishia kwa *-e*. Msomaji wa jarida hili hatakosa kutambua kwamba *kauli* ni neno lile lile ambalo wanasarufi hulitumia wanaposema *kauli ya kutenda* na *kauli ya kutendwa*, na kama itakavyoonekana hapa chini, majibu mengi ya serikali huishi kwa kubadilisha kauli kwa maana hiyo ya pili.

Namna ya kuita nayo hutofautiana. Mjumbe wa Zanzibar au wa Tanzania Bara husema *Mheshimiwa Spika*. Mkenya husema *Bwana Spika* au *Bi. Spika*. Kote kuwili mjumbe hasemi na waziri moja kwa moja. Hakuna *wewe* katika swali la bunge. Husema na Spika juu ya Serikali, na Serikali, kwa upatanisho wa kisarufi, huchukua kiambishi cha *i-* kama vile nyumba au ngoma: *Serikali ina mpango gani, Serikali imefanya nini*. Mwenye kutaka kumkaribia zaidi mtu mwenyewe huacha neno *Serikali* na kumtaja *Waziri*, na hapo upatanisho hubadilika kuwa wa viumbe hai: *Waziri atueleze, yeye alifika lini huko*. Mabadiliko hayo ya kutoka *i-* kwenda *a-* ni ishara nzuri kwamba joto la mjadala limepanda.

Neno *serikali* lenyewe lahitaji uangalifu. Kwa miaka mingi katika Kenya neno hili likitajwa peke yake lilimaanisha Nairobi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 likawa halitoshi, na ikabidi kusema *serikali ya kitaifa* au *serikali ya kaunti*; Kifungu cha 6 chasema kwamba serikali za ngazi hizo mbili ni mbalimbali na zategemeana. Lakini mazoea ya ulimi hayageuki kwa tangazo. Madaktari wa hospitali za umma walipogoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wananchi walisikika wakiuliza "serikali" inafanya nini, na kila ngazi ikawa na sababu ya kuamini kwamba aulizwaye ni mwenziwe. Huduma za afya za kaunti zimo katika Jedwali la Nne la Katiba kuwa ni kazi ya kaunti. Sera ya afya ni ya serikali ya kitaifa. Mishahara ilikuwa ikibishaniwa na pande zote mbili. Swali lisilotaja serikali ipi huwa limempa mwenye kujibu mlango wa kutokea.

Mfano wa wazee waonyesha jambo hili vizuri zaidi, kwa sababu katika nchi mbili hizi msaada unafanana na mwenye kuulizwa hafanani. Katika Zanzibar, tangu Aprili 2016 mzee aliyefikia miaka 70 hulipwa Pensheni Jamii hata kama hakuchangia, na malipo ya mwanzo yalikuwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Mpango huu ni wa Serikali ya Mapinduzi, kwa hiyo Mwakilishi wa jimbo lolote la Unguja au Pemba aweza kumwuliza waziri kwa nini mzee fulani wa kijiji fulani hakuandikwa. Katika Kenya msaada wa namna hiyo ni Inua Jamii, ambao mwaka 2018 ulifunguliwa kwa wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Lakini huo ni mpango wa serikali ya kitaifa. Mwakilishi wadi ambaye bibi wa jirani yake amekosa fedha hizo hana pa kuuliza katika bunge la kaunti. Akiuliza ataambiwa, na kwa haki, kwamba jambo hilo halikugatuliwa. Chekechea, zahanati, masoko, barabara za kaunti, maji na kilimo aweza kuuliza. Ajuza yule hawezi kuelewa kwa nini mtu wake anajua kuuliza juu ya dawa na hajui kuuliza juu ya pensheni, na si rahisi kumweleza.

Sasa yafaa kulitazama umbo la swali lenyewe. Mifano ifuatayo ni ya kutungwa, lakini imetungwa kwa kufuata mtindo ambao mtu yeyote asomaye taarifa rasmi za mabaraza haya ataufahamu:

(1) Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma za afya katika wadi ya fulani?

(2) Je, ni lini Serikali itaifanyia matengenezo zahanati ya kijiji cha fulani?

(3) Je, dawa zilizonunuliwa kwa fedha za mwaka uliopita zilifika lini katika zahanati hiyo, na kwa kiasi gani?

Swali la kwanza ndilo lipendwalo kuliko yote, na ndilo dhaifu kuliko yote. Aulizaye "mpango gani" amekwisha kukubali kwamba mpango upo, na hakuna serikali duniani isiyokuwa na mpango. Jawabu lake haliwezi kukosekana, na kwa sababu hiyo halina thamani. Swali la pili ni bora, kwa kuwa *lini* yadai tarehe. Udhaifu wake ni kwamba lahusu wakati ujao, na wakati ujao hauna risiti. La tatu ndilo gumu. Nguvu yake yote imo katika kirejeshi: *zilizonunuliwa*. Kwa kiambishi hicho kimoja mwuliza swali amelieleza jambo kuwa limekwisha kutendeka, bila kuliuliza. Waziri akitaka kusema kwamba dawa hazikununuliwa itambidi alikanushe swali kabla ya kulijibu, na katika kulikanusha atakuwa amesema jambo kubwa kuliko lililoulizwa. Lau mjumbe angesema *zinazonunuliwa* au *zitakazonunuliwa*, mtego usingekuwapo. Kirejeshi cha Kiswahili, ambacho wanafunzi wa kigeni hulalamika kwamba ni kigumu, ni chombo cha ajabu cha kuhoji.

Kuna na swali la kukanusha: "Je, Serikali haioni haja ya kupandisha bei ya karafuu?" Hili halitaki habari, lataka kusukuma. Nalo lina hatari yake kwa mwenye kujibu, kwa sababu katika Kiswahili *ndiyo* huyakubali maneno ya mwuliza swali kama yalivyo. Waziri akijibu "ndiyo" atakuwa amekiri kwamba Serikali haioni haja. Kwa hiyo mawaziri wenye uzoefu hawajibu hata kidogo kwa *ndiyo* wala *hapana*; hukirudia kitenzi: "Serikali inaona haja hiyo, lakini..." Karafuu yenyewe haikutajwa hapa kwa bahati. Zao hilo hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, shirika la Serikali, kwa hiyo swali la bei ni swali kwa mnunuzi mwenyewe, jambo ambalo kwa mazao mengi ya Kenya haliwezekani.

Majibu nayo yana sarufi yake. Jawabu la kawaida kwa swali la pili hapo juu lingekuwa hivi: "Serikali inatambua umuhimu wa zahanati hiyo, nayo itafanyiwa matengenezo kadiri fedha zitakavyopatikana." Sentensi hii yastahili kupasuliwa polepole. *Inatambua* ni kitenzi kisichogharimu kitu. *Itafanyiwa* ni kauli ya kutendwa, na mtendaji amekwisha kuondoka, lakini nafasi yake ingaliko, kwani mtu aweza kuuliza "itafanyiwa na nani?" na sarufi ikamruhusu. *Zitakavyopatikana* yaenda mbali zaidi. Hapa hapana kiambishi cha kutendwa; pana *-ikan-*, kiambishi cha hali au cha uwezekano, ambacho hakina nafasi ya mtendaji kabisa. Hakuna asemaye "fedha zitapatikana na Waziri wa Fedha." Fedha hupatikana zenyewe kama mvua inavyonyesha. Tena *-vyo-* ni kirejeshi cha namna au kiasi, si cha wakati. Kama angesema *zitakapopatikana* angekuwa amekubali kwamba iko siku. Katika sentensi moja mwenye kujibu ameondoa mtendaji, kisha ameondoa nafasi ya mtendaji, kisha ameondoa siku, na bado amesikika akiahidi.

Kwa hiyo swali la nyongeza lililo zuri ni lile linalorudisha kimoja kati ya hivyo vilivyoondolewa. Wajumbe wengi huitumia nafasi hiyo kuuliza jambo jingine kabisa, kuhusu barabara nyingine au shule nyingine, na kwa kufanya hivyo humsamehe waziri. Mjumbe mwenye kusikiliza huchukua *kupatikana* na kukirudisha katika kauli ya kutenda: ni nani aliyeomba fedha hizo, aliomba kiasi gani, na katika kasma ipi? Hapo nafsi hurudi, na pamoja nayo jina.

Njia nyingine ya kuponyoka ni kulifanya swali kuwa suala. Mjumbe auliza juu ya pampu moja ya maji iliyoharibika, jawabu laanza, "Suala la maji ni suala mtambuka." Kuanzia hapo msikilizaji huelezwa juu ya mabadiliko ya tabia nchi, ongezeko la watu na ushirikiano wa wadau, yote yakiwa ni kweli. Pampu haitajwi tena. Haya si maovu ya Kiswahili peke yake, lakini Kiswahili, kwa kuwa na maneno mawili pale Kiarabu kilipokuwa na moja, kimeyarahisisha.

Maswali ya uchumi hudai zaidi ya sarufi, hudai istilahi. Mjumbe wa kaunti anayetaka kuihoji bajeti hana budi kutofautisha matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipindi cha miaka kadhaa, iwe ya maendeleo. Ni lazima atofautishe mapato ya ndani, yanayotozwa na kaunti yenyewe, na mgao utokao katika hazina ya taifa. Mgao huo kwa kaunti zote ulikuwa shilingi bilioni 190 katika mwaka wa fedha 2013/14, ukafika bilioni 370 katika 2021/22 na bilioni 385.4 katika 2023/24. Katiba yasema usipungue asilimia 15 ya mapato, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa.

Hapa lipo tatizo la tafsiri lenye madhara. Magazeti mara nyingi huuita mgao huo "mgao sawa." Lakini Katiba haikutaka kila kaunti ipate sawa na nyingine, ilitaka kila moja ipate kwa haki, kulingana na watu wake, umaskini wake, ukubwa wake na mahitaji mengine. *Sawa* katika Kiswahili hubeba maana zote mbili, ya ulinganifu na ya haki, na msikilizaji huchagua ile inayompendeza. Ubishi uliolikwamisha jambo hili katika Seneti mwaka 2020, hadi makubaliano yakapatikana Septemba, ulikuwa kwa sehemu ubishi wa maana ya neno hilo. Wa kaunti zenye watu wengi walisema "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja," nao walikuwa wakifasiri *sawa* kwa kichwa cha mtu. Wa kaunti kavu zenye eneo kubwa walifasiri kwa masafa ya kuifikia zahanati. "Mgao wa haki" lingekuwa jina bora, na halina gharama ya kulianzisha.

Seneti imetajwa mara kadhaa, na nafasi yake yahitaji maelezo mafupi. Ina wajumbe 67, 47 kati yao wakichaguliwa mmoja kwa kila kaunti, pamoja na Spika. Kifungu cha 96 kimeipa kazi ya kusimamia matumizi ya mapato ya taifa yaliyopelekwa kwa kaunti. Magavana kadhaa walikataa kufika mbele ya kamati zake, wakidai kwamba wao huulizwa na mabunge ya kaunti zao tu. Kesi zilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2022 iliamua kwamba gavana aweza kuitwa na Seneti na ni lazima ajibu. Kwa lugha ya makala haya, mahakama ilikuwa ikiamua nani ana haki ya kutumia *-e* ya amri juu ya nani. Katika kamati hizo, tofauti na ukumbini, gavana hukaa mezani ana kwa ana na taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu imefunguliwa mbele yake, na swali la Kikenya hurudi kuwa swali kweli kweli, lenye *kwa nini* na *nani*.

Limebaki jambo la lugha ipi. Mnamo Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike bungeni, huku miswada ikiendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 yasema katika Kifungu cha 120 kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zaagiza kwamba aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyo hiyo. Nia ya kanuni hii ni njema, lakini humbana mwenye Kiswahili kuliko mwenye Kiingereza. Anayesema Kiingereza halazimiki kukopa neno la bajeti kutoka mahali popote. Anayesema Kiswahili ana mbele yake makadirio ya matumizi ambayo kwa kawaida yamechapwa kwa Kiingereza, na kila kichwa cha hesabu ni lazima akifasiri akiwa amesimama, mbele ya wenzake walio tayari kusimamisha hoja ya nidhamu kwa neno moja la kigeni. Si ajabu basi kwamba wengi hutumia Kiswahili kwa salamu, rambirambi na mambo ya utamaduni, na wafikapo kwenye takwimu hungoja wakati mwingine wasimame kwa Kiingereza. Katika Zanzibar shida hii ni ndogo sana, kwa kuwa mjadala wote ni wa Kiswahili na istilahi za hesabu zimelainika kwa kutumiwa.

Wales ni mfano wa kulinganisha wenye manufaa. Bunge lake la ugatuzi lilianza mwaka 1999, na tangu 2020 laitwa Senedd. Mjumbe huko aweza kumwuliza Waziri Mkuu wa Wales kwa Kiwelisi au kwa Kiingereza, na asiyejua Kiwelisi husikia tafsiri papo hapo masikioni mwake. Tofauti na Kenya ni kwamba mawaziri wa Wales hukaa ndani ya bunge lenyewe, kama wa Zanzibar, na kwamba kazi ya kufasiri hufanywa na watu walioajiriwa kuifanya, haiachiwi mwenye kuuliza.

Taarifa rasmi za Bunge la Kenya huchapa maneno ya kila mjumbe kwa lugha aliyoitumia, bila tafsiri. Mtafiti akifuata ombi moja la kauli tangu lilipotolewa hadi lilipojibiwa, mara nyingi atakuta ukurasa wa Kiswahili, chenye *ieleze* na *ifafanue* zake, na baada ya wiki au miezi ukurasa wa Kiingereza wenye barua iliyotoka kaunti na kusomwa na mwenyekiti wa kamati. Mpiga kura aliyemtuma mjumbe aulize hupata nusu ya kwanza ya mazungumzo. Kurasa hizo mbili, zikiwekwa pamoja, zingempa mkusanyaji wa istilahi za fedha za umma kazi ya miaka kadhaa.